Mrejesho: maji magumu ya bomba na ukoko kwenye birika

Niliuliza kwa nini sabuni haitoi povu na birika linashika ukoko mweupe. Asanteni sana kwa majibu. Kipimo cha maji kimeonyesha ugumu, yaani wingi wa madini ya kalsiamu na magnesiamu, wa miligramu 320 kwa lita. Zaidi ya 180 ni magumu sana.

Ukoko umetoka: siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, chemsha, acha dakika 30, suuza mara mbili. Unabanduka vipande vipande.

Kichujio cha mkaa hakiondoi ugumu, msikinunue kwa kazi hiyo. Kuchemsha nako huondoa sehemu tu. Ugumu unaotokana na salfeti (aina ya chumvi za madini hayo) hubaki. Dawa ni mtambo wa kulainisha, unaobadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. Chumvi inayowekwa humo kuupa sodiamu ikiisha, ugumu unarudi! Bomba la maji ya kunywa lisipitie kwenye mtambo huo, hasa kwa mwenye presha, kwa sababu ya sodiamu.