Msaada: kusafisha reksini na kitambaa cha mbele cha ampi ya gitaa (Twin Reverb)

Mtikisanyuzi:
Wakuu habari za jioni. Ampi (kikuza sauti cha gitaa) ni Fender Twin Reverb, reksini nyeusi (ile wanayoiita Tolex), kitambaa cha mbele rangi ya fedha. Ipo Tanga, karibu na bahari. Reksini imeshika uchafu kwenye mikunjo yake midogo, ina gundi ya stika ubavuni, mgongoni kuna ukungu, na kitambaa cha mbele kimemwagikiwa soda. Nimeshauriwa petroli kwa ajili ya gundi, halafu nimalizie na dawa ya kung'arisha dashibodi. Niendelee?

MzeeWaValvu:
Usiendelee mkuu. Reksini ni vinili juu ya kitambaa, na ulaini wake unatokana na mafuta yanayochanganywa kiwandani. Petroli na thina huyavuta hayo mafuta. Leo utaona imetakata, baadaye inakakamaa na kupasuka kwenye kona. Dawa nyingi za dashibodi nazo zina silikoni: vumbi linanata, na siku reksini ikibanduka gundi haishiki tena.

Chomoa waya ukutani, subiri nusu saa valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) zipoe. Chasisi (sanduku la chuma lenye mitambo ya umeme) usiifungue kwa kazi hii, maana kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, zinaweza kubaki na zaidi ya volti 400 hata kama waya umechomolewa.

Anza na vumbi, kavu, kwa brashi laini ya kupakia rangi. Ukilowesha kabla ya kutoa vumbi unatengeneza tope, na tope likiingia kwenye mikunjo ni kazi mara mbili. Kisha kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu. Mswaki laini, kung'uta maji, sugua kwa mzunguko eneo la ukubwa wa viganja viwili tu, futa hapohapo kabla halijakauka. Halafu kitambaa cha maji matupu kilichokamuliwa, mwisho kitambaa kikavu. Anzia chini mgongoni, pasipoonekana, uone kama rangi inatoka.

Usinyunyizie kitu chochote moja kwa moja kwenye ampi. Maji huingia kwenye maungio ya reksini, gundi inaachia, ubao unavimba. Plaiwudi inavumilia kidogo. Chipbodi ikishavimba hairudi.

Kapo_Fret3:
Kwa gundi ya stika: pasha kwa draya ya nywele moto mdogo, kwangua na kadi ya simu ya zamani, usitumie kisu. Itakayobaki paka mafuta ya kula, acha dakika kumi, sugua kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni ya Mzee hapo juu. Mafuta usiyaache, yanakusanya vumbi.

Besi_la_Pwani:
Ukungu usiusugue ukiwa mkavu ndani ya nyumba, utausambaza chumba kizima. Toa ampi nje. Siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, kitambaa kilichokamuliwa vizuri, futa, acha robo saa, futa tena kwa maji matupu. Ikaukie kivulini penye upepo. Jua la saa sita juu ya reksini nyeusi linalegeza gundi. Na kwa huko pwani, acha kufunika ampi kwa nailoni: unyevu unabaki ndani. Shuka la pamba linatosha, na chini weka vipande viwili vya mbao, isikae juu ya sakafu ya saruji.

Kitambaa cha mbele ndicho cha kuogopa, kwa sababu nyuma yake kuna spika mbili za inchi 12 zenye koni za karatasi. Tumia povu pekee: piga sabuni kwenye bakuli kwa mkono mpaka povu lisimame, chota povu, maji yaache. Brashi ifuate mwelekeo wa nyuzi. Soda ni sukari, inayeyuka kwa uvuguvugu, kwa hiyo gandamiza kitambaa chenye unyevunyevu mara kadhaa badala ya kusugua kwa nguvu.

Ukiamua kutoa ubao wa spika, andika kwanza waya upi ulikuwa chanya na upi hasi. Na usije ukawasha ampi spika zikiwa hazijaunganishwa: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Kitambaa kikilegea baada ya kukauka, draya kwa umbali wa sentimita 30 hivi, ikiwa inatembea muda wote. Nyuzi zake ni za plastiki, joto huzivuta zikakaza. Ukisimamisha draya sehemu moja zinayeyuka.

Mtikisanyuzi:
Shukrani sana wakuu. Mawili tu: kona za chuma zina kutu, nizipige na zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria? Na ampi ya twidi (iliyovishwa kitambaa badala ya reksini), dawa ni hiihii?

MzeeWaValvu:
Nyuzi za chuma hapana, labda ukishafungua kona na kuzipeleka chumba kingine. Sumaku ya spika inavuta unga wa chuma unaotoka kwenye nyuzi hizo, ukiingia kwenye nafasi ya koili (waya uliozungushwa unaotikisa koni) sauti inakwaruza. Foili ya jikoni iliyochovywa kwenye siki inatoa kutu ya juujuu, lakini nayo kona zikiwa zimetolewa.

Twidi ni habari nyingine, hiyo ni pamba. Zile za Fender za miaka ya 1950 zina vanishi juu yake, na spiriti inaitia weupe au inaiyeyusha. Futa tu kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ambayo haina vanishi, povu tena, na usisafishe doa peke yake: pitia upande mzima mpaka kwenye ungio, la sivyo panabaki alama ya duara. Ule unjano wa twidi ya zamani mara nyingi ni vanishi yenyewe imezeeka, kwa hiyo usihangaike kuusugua.