Naomba ushauri: kupima hewa ya ndani ya jengo jipya kabla hatujahamia

Habari zenu wakuu. Jengo letu la ofisi la ghorofa tatu hapa Dodoma limekamilika, na bosi anataka tuhamie mwezi ujao. Kazi ya kupanga upimaji wa hewa ya ndani nimetupiwa mimi. Ukiingia ukumbi wa mikutano asubuhi macho yanawasha: rangi, gundi ya kapeti, makabati ya MDF (mbao za nyuzi zilizogandishwa kwa gundi). Fundi anasema, "Fungueni madirisha, itaisha." Sawa, ila AC ikiwaka madirisha yanafungwa.

Najua Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha formaldehaidi (gesi inayowasha macho, hutoka kwenye gundi na mbao kama hizo) kuwa miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa dakika 30. Nilipokwama ni kwenye mpango wenyewe. Tupime sasa, au tusubiri meza na viti viingie, maana navyo hutoa kemikali? Vyumba vifungwe kwa muda gani kabla ya kuchukua sampuli? Na vumbi la nje, kwa upepo huu wa Dodoma, tulipime sambamba tusije tukalilaumu jengo bure?

Aliyewahi kusimamia kazi hii anisaidie, hasa idadi ya vyumba vya kupima kila ghorofa. Bajeti yenyewe ni ya kubana.