Bibi analowa mchana na usiku: avae nepi muda wote?

Mlimani_Mabatini: Shikamoo wakubwa. Bibi ana miaka 79, demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) mwaka wa 3. Choo kiko nje, unashuka ngazi 6 za mawe. Tangu mwezi uliopita analowa mara 3 au 4 mchana, usiku godoro zima. Kanisani hataki tena, anaona aibu. Tupunguze maji? Au avae nepi moja kwa moja?

NesiMstaafu: Marahaba. Maji msimpunguzie. Mkojo mzito unachokoza kibofu, na choo kikubwa kikikauka tumboni kinakibana kibofu hichohicho, hivyo analowa zaidi. Glasi 6 hadi 8 kwa siku, nyingi ziishe kabla ya saa 11 jioni, isipokuwa kama daktari alimwekea kipimo kwa ajili ya moyo au figo. Cha kukata ni chai ya rangi ya usiku.

Halafu mwezi mmoja ni ghafla mno, msisingizie demensia tu. Apimwe mkojo na sukari. UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa mzee inaweza kuja bila homa, mkaona tu amechanganyikiwa kuliko jana. Dawa za presha nazo zitazameni: furosemide, ile ya kutoa maji mwilini, ikimezwa jioni, atakesha akikojoa. Mwulizeni daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Na msikimbilie duka la dawa kununua oxybutynin ya kutuliza kibofu, inazidisha kusahau.

Kirumba_Mlezi: Wakati mnasubiri majibu, andikeni kwenye daftari siku 3 saa anazolowa. Ikionekana ni kila baada ya saa 2 na nusu, mpelekeni kila baada ya saa 2. Msimwulize "unataka kukojoa?" Atasema hapana, kwa kuwa haja ameihisi ila hajui ni ya nini. Sema "Bibi, twende msalani", mshike mkono, basi. Akianza kuvutavuta kanga au kuinuka na kukaa, huo ndio wito wenyewe.

Zile ngazi usiku asizikanyage kabisa, atavunjika nyonga. Seremala amtengenezee kiti cha mbao chenye mikono, kimo cha goti lake, tundu katikati, ndoo chini. Cha plastiki kilichotobolewa kinapinda miguu. Tundu lizungushiwe rangi inayowaka. Kijivu juu ya sakafu ya saruji hakioni, atakaa pembeni. Taa ndogo iwake usiku kucha. Na sketi ya lastiki, vifungo vinamchelewesha.

NesiMstaafu: Nepi ni ya usiku na safari. Ikivaliwa mchana kutwa, anazoea kukojoa humo na ratiba inakufa. Ikilowa itolewe palepale; osha kwa maji ya uvuguvugu kutoka mbele kwenda nyuma, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Vaseline kidogo sana, ukipaka nene nepi hainyonyi. Poda hapana, inagandamana kwenye mikunjo. Mpira wa godoro ufunikwe shuka nzito, usigusane na ngozi. Wekundu usioondoka ukiubonyeza, hasa juu ya makalio, ni kidonda kinaanza: zahanati, siku hiyohiyo.

Mlimani_Mabatini: Asanteni sana. Na kanisani?

Kirumba_Mlezi: Msalani kwanza ndipo mtoke. Ibada fupi, benchi la pembeni karibu na mlango, kitenge cha rangi nzito, kingine mkobani. Mkifika mwonyesheni choo kilipo kabla hajakaa.