Biblia kwenye Kindle, Kobo au Boox: ipi inakufikisha kwenye mstari haraka?

DadaTudor

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie kulinganisha, hasa nyinyi mnaotumia vifaa hivi kanisani na nyumbani.

Mamangu macho yamepungua nguvu, na maandishi ya Biblia yake ya kitabu ni madogo mno. Simu haiwezi: mwanga unamchosha, na meseji za WhatsApp zinaingia katikati ya Zaburi. Nataka kumnunulia kifaa chenye skrini ya wino wa kielektroniki, ile isiyong'aa, inayosomeka hata juani. Nimebakisha vitatu: Kindle ya kawaida, Kobo, au Boox ya Android.

Mambo ya betri nimeshasoma vya kutosha. Ninalotaka kujua ni hili: mchungaji akisema tufungue Isaya 53:5, na hujatulia ameshataja Waebrania 4:15, kifaa kipi kitamfikisha mama kabla somo halijaisha? Riwaya unaianza ukurasa wa kwanza ukaimaliza wa mwisho. Biblia ina vitabu 66 na sura 1,189, na ibada moja inaweza kukupitisha kwenye vitabu vinne.

FundiDigoRoad

Amina dada. Mfikishie mama shikamoo zangu.

Nitakwambia ninalowaambia wote wanaoniuliza: kabla ya kuchagua kifaa, chagua faili. Kindle moja hiyo hiyo inaweza kubeba Biblia mbili, moja ikawa raha na nyingine ikawa adhabu, kwa sababu ya namna orodha ya yaliyomo ilivyopangwa.

Chukua Zaburi 119:105. Kwenye faili lililopangwa vibaya, unagusa juu ya skrini, unafungua yaliyomo, unakuta mlolongo mmoja mrefu: Mwanzo 1, Mwanzo 2, Mwanzo 3, hivyo hivyo mpaka Ufunuo. Mama akishakuza herufi, kila ukurasa wa orodha unabeba mistari michache tu, na Zaburi iko mbali. Akiifikia, bado sura ya 119 ndiyo ndefu kuliko zote, ina mistari 176, kwa hiyo kiungo kinamwacha mstari wa 1 na yeye anataka wa 105. Afunue kurasa mpaka lini?

Kwenye faili lililopangwa vizuri kuna ngazi tatu. Unafungua yaliyomo, unaona majina ya vitabu peke yake. Unagusa Zaburi, unaletewa namba za sura zimepangwa kama kalenda, 1 hadi 150. Unagusa 119, zinakuja namba za mistari. Unagusa 105, umefika. Migusano minne au mitano, na ni ile ile kwa kitabu chochote, kwa hiyo mkono unazoea wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujalipa senti, pakua sampuli ya Biblia unayoitaka. Sampuli hukata maandishi, lakini mara nyingi orodha huja nayo. Ukiona orodha haina ngazi, achana nayo hata kama jalada linapendeza.

MwalimuMikindani

Naongezea la Fundi. Kwenye Kindle kuna njia nyingine ambayo mie naipenda kuliko orodha: baadhi ya Biblia za Kiingereza zimetengenezwa kwa kufichiwa alama kila mstari. Unafungua sehemu ya kutafuta, unaandika kifupi kama *jn 3 16*, jibu linakuja moja tu, unagusa, umefika. Maelezo ya kitabu yenyewe husema kama kina uwezo huo na vifupi vyake ni vipi.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kitabu kikiwa kimeingia sasa hivi, Kindle inahitaji muda wa kuyapanga maneno yake yote ndipo utafutaji ufanye kazi, na Biblia ni kubwa. Kiweke siku ya Ijumaa, usingoje Jumapili asubuhi mkiwa mlangoni. Pili, usitarajie hilo kwenye toleo la Kiswahili. Ukiandika "Yohana" kwenye faili la kawaida utamwagiwa kila mahali jina hilo linapotokea: Mbatizaji, mtume, na Yohana Marko wa Matendo.

Mrabai

Wapendwa, msiisahau Kobo. Inasoma EPUB, yaani faili la kawaida la vitabu vya kielektroniki, bila kubadilisha kitu: unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, unanakili faili, basi. Na Kiswahili kipo cha halali: tovuti ya eBible.org ina tafsiri iitwayo Neno, katika Kiswahili cha kisasa, kwa EPUB, bure.

Kwenye Kobo yangu nimeweka programu ya KOReader, nayo ni ya bure. Inaniruhusu kuzipa kona za skrini kazi. Nikigusa kona moja, yaliyomo yanafunguka. Nikigusa nyingine, narudi nilikotoka. Hili la kurudi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mhubiri akiwa Isaya 53 akaruka Waebrania halafu akasema "sasa turudi pale Isaya", wenye vitabu vya karatasi walikuwa wameweka kidole. Kifaa kisicho na kidole hicho kinakulazimisha kuanza safari upya.

Tanbihi pia: ukigusa herufi ndogo ya rejeo, maneno yake yanatokea chini ya ukurasa huo huo, huhami.

KOReader huingia Kindle pia, ila lazima kwanza ufungue kufuli la kampuni, na kwa kifaa cha mama sishauri.

Katekista_Changamwe

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zangu mnahesabu 66, sisi Wakatoliki tunahesabu 73. Kabla ya kununua angalia kama Tobiti, Yudithi, Hekima, Sira, Baruku na Makabayo wamo, na wamewekwa wapi: kwenye matoleo mengine wanawekwa mwisho kabisa au katikati ya maagano mawili, na msomaji anayemtafuta Sira karibu na Mithali atazunguka bure.

Lakini lililonifanya niandike ni namba zenyewe, kwa maana mnazungumza kana kwamba namba ni moja duniani kote. Zaburi 51, "uniumbie moyo safi", ni mstari wa 10 katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano. Katika matoleo yanayohesabu kichwa cha zaburi kuwa mistari, ni wa 12. Malaki ina sura 4 kwenye matoleo mengi, na 3 kwenye mengine. Ile ya "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania na ya 22 kwa hesabu ya Kigiriki na Kilatini. Ugawaji wa mistari tulionao katika Agano Jipya ulichapishwa na Robert Estienne mwaka 1551, na mapokeo hayakukubaliana kila mahali.

Kwa hiyo dada, mwekee mama tafsiri ile ile inayosomwa kanisani kwenu. Kifaa kinaweza kuwa na kasi ya umeme na bado kikamfikisha mstari usio wake.

KijanaBamburi

Mimi ni wa Boox. Kwa kuwa ni Android, hufungwi na faili lolote: unaweka AndBible, programu ya Biblia ya bure, unapakua tafsiri mara moja, na baada ya hapo huhitaji intaneti. Ukigusa jina la kitabu juu unaletewa viboksi vya vitabu, kisha sura, kisha ukitaka mistari. Hakuna EPUB nitakayoilinganisha nayo. Na inagawa skrini mara mbili, Kiswahili juu, Kiingereza chini, vyote vinatembea pamoja. Kwa anayeandaa funzo la Biblia, hapo ndipo penyewe.

Kasoro zipo na nitazisema. Betri haifiki wiki kadhaa kama ya Kindle. Ukipeleka maandishi juu na chini haraka, kivuli cha ukurasa uliopita hubaki hafifu mpaka skrini ijisafishe. Bei iko juu. Na kwa kuwa ni Android kamili, yale meseji unayomkimbizia mama yanaweza kurudi mtu akimwekea WhatsApp humo.

MamaZawadi_Likoni

Wanangu, nawasoma na nafurahi, ila mimi ndiye niko umri wa huyo mama, wacha niseme.

Sisi tuliokariri mpangilio wa vitabu tangu shule ya Jumapili tunajua Hosea iko wapi. Orodha ya majina haitutishi. Kinachotushinda ni vitu vidogo vilivyobanana. Namba za mistari zikipangwa karibu karibu, kidole kinagusa 15 unapewa 14 au 25. Hizo ngazi tatu za Fundi ni nzuri kama namba zina nafasi ya kidole cha mtu mzima. Na viungo vilivyomo ndani ya kitabu hukua ukikuza herufi. Lakini menyu za kifaa chenyewe kwenye Kindle yangu hazikui kwa kiasi kile, kwa hiyo mimi natumia ukurasa wa yaliyomo ulio ndani ya kitabu, siyo ule wa menyu.

Mimi Kindle yangu ni ya kawaida. Kwenye feri naisoma juani bila kuikinga. Jumamosi jioni naweka alamisho kwenye masomo ya kesho, na kanisani nazifungua tu. Mhubiri akitoka nje ya masomo hayo, namsikiliza, na nyumbani natafuta. Mwulize mama kwanza, dada. Huenda yeye anataka kusoma Luka yote kwa utulivu, na hilo la kukimbizana na mchungaji ni haja yako wewe.

DadaTudor

Asante mama, nimekusikia, nitamuuliza leo jioni. Katekista, sisi ni wa ACK, Kanisa la Anglikana la Kenya, na tunasoma Muungano, kwa hiyo hilo limeisha. Boox naiweka kando, si kwa ubaya wake, ila najua wajukuu wataijaza michezo.

Swali la mwisho kwa Fundi: nikichukua Kindle, ile EPUB ya bure aliyoitaja Mrabai itaingia? Nataka awe nayo pembeni kwa kusomea nyumbani. Na nikitaka kuijaribu kwanza bila kununua?

FundiDigoRoad

Itaingia. Tangu 2022 huduma ya Send to Kindle inapokea EPUB, unaituma kwa barua pepe au tovuti yao, kitabu kinatua kifaa kikiwa kwenye Wi-Fi. Faili za zamani za MOBI ndizo walizoacha kupokea.

Kuijaribu: ifungue EPUB hiyo kwenye simu yako kwa programu yoyote ya kusomea vitabu, kuza herufi kwa kipimo cha mama, halafu mpe yeye atafute Zaburi 119:105, Filemoni 6 na 3 Yohana 2. Filemoni na 3 Yohana ni vya sura moja moja, na hapo ndipo mafaili mengi hukosea, kiungo cha sura hakipo. Akivifikia vyote bila kukuita, chukua Kindle. Akikwama kwenye namba ndogo, njoo na faili dukani, niangalie kama kuna toleo lenye viungo vikubwa zaidi.