Kutoa sinki la kuchuchumaa na kuweka la kukaa: trapu ya zamani ibaki au itoke?

Mama_Ukarabati:
Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kabla fundi hajashika nyundo. Choo ni cha ndani, upana sm 95, urefu sm 140. Sinki ni la kuchuchumaa, limejengewa juu ya kingo ya sm 18. Bomba ni la inchi 4, na chemba iko nje nyuma ya ukuta, kama mita 2. Nataka choo cha kukaa chenye tenki lake. Fundi anasema atavunja sinki tu, la kukaa atalichomeka juu ya trapu iliyopo, azungushie saruji nyeupe, siku moja kazi imeisha. Ni sahihi? Na dukani nichukue la kutolea chini au la kutolea nyuma?

Fundi_Majitaka:
Dada, hapo hapana. Trapu ya zamani itoke.

Masinki mengi ya kuchuchumaa hayana trapu mwilini. Ile kona ya bomba iliyozikwa chini ndiyo trapu, inashika maji ya kuzuia harufu. La kukaa limeumbwa na trapu yake, ukilitazama ubavuni utaiona imejipinda. Ukilipandisha juu ya ile ya zamani unapata maji sehemu mbili na hewa imefungwa katikati. Ukiflashi, hewa hiyo haina pa kutokea: maji yanapanda karibu na ukingo, yanashuka kwa kusuasua, na uchafu unaishia kwenye trapu ya chini ambako mkono haufiki. Watu watasema choo kimeziba, watamwaga dawa, na tatizo litabaki palepale.

Kabla ya kuvunja, sukumeni gunia kuukuu ndani ya bomba, lifungwe kamba ndefu inayobaki nje. Kipande kimoja cha zege kikiingia kwenye bomba mtachimba hadi chemba. Avunje kwa tindo akianzia katikati ya sinki kwenda pembeni, achimbe mpaka alifikie bomba lililonyooka, akate hapo kwa msumeno na kulainisha ukingo. Ncha zilizochongoka hunasa karatasi.

Bomba jipya lishuke sm 2.5 kwa kila mita, yaani kwa mita zako 2 ni sm 5. Pa kukunja atumie kona mbili za nyuzi 45, asitumie moja kali ya 90. Kabla ya kufukia chochote mwageni ndoo mbili kwa mkupuo huku mtu amesimama kwenye chemba. Maji yafike yote na kiungio kibaki kikavu. Kisha kifusi kishindiliwe, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unene sm 10, limwagiliwe siku 7. Siku moja haitoshi.

Vipimo_Kwanza:
Naongezea kwenye kununua, maana hapo ndipo pesa hupotea. La kutolea chini hupimwa kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la sakafu, na ukuta wenyewe uwe umeshawekwa marumaru. Marumaru na udongo wake hula sm 2 hadi 3; ukipima kwenye plasta tupu, tenki litagoma kuingia. Madukani utakuta ya milimita 220, 250 na 300. La kutolea nyuma, katikati ya mdomo wake mara nyingi ni sm 18 kutoka sakafu iliyokamilika.

Kwa kuwa chemba yako iko nyuma ya ukuta, ningechukua la kutolea nyuma. Bomba linatoboa ukuta na kushukia nje, ndani hamchimbi sana. Ila mdomo wa bomba la zamani uzibwe kwa kifuniko na gundi ya PVC kabla ya zege, la sivyo harufu na mende watapata njia.

Nafasi inatosha: kutoka katikati ya sinki hadi kila ukuta unabaki na sm 47, wakati 38 ndiyo ya chini kabisa. Sinki huchukua karibu sm 68, mbele zinabaki kama 72. Mlango ukifungukia ndani utagonga magoti, ugeuzeni. Na kwa nyumba ya Waislamu angalieni Kibla kabla ya kutoboa. Kwa Dar ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo anayekaa asiielekee wala kuipa mgongo.

Fundi_Majitaka:
Saruji nyeupe sipendi kabisa. Haina kulegea: sakafu ikicheza kidogo, kaure inapasuka, na siku ya kulitoa utalivunja. Likae kwa skrubu na silikoni. Liwekeni kavu kwanza, pimamaji juu yake, wekeni alama, mtoboe marumaru bila kugongesha drili mpaka mpite ule ung'avu wa juu. Mpira wa kiungio upakwe sabuni ya maji, siyo grisi, maana grisi huula mpira. Kaza kulia kidogo, kushoto kidogo, na mara skrubu inapokataa acha. Silikoni izunguke mbele na pembeni, nyuma acha wazi sm 5 ili maji yakivuja uyaone. Msilitumie kwa saa 24.

Mama_Ukarabati:
Asanteni sana, nimeelewa. Maji yetu ni ya mgao, tunatumia simtenki. Tenki la choo litajaa?

Vipimo_Kwanza:
Litajaa, mradi maji ya simtenki yawe juu kuliko tenki la choo; tofauti ikiwa ndogo litajaa polepole. Weka koki yake pembeni ya choo, na kila maji ya mgao yakirudi na tope, fungua kichujio kidogo kilichopo kwenye mdomo wa valvu ya boya ukisafishe. Siku ya kwanza tia rangi ya chakula kidogo ndani ya tenki, usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye sinki, mpira wa chini haukai vizuri na maji yako ya akiba yanakwenda chemba usiku kucha. Mrudishe fundi kabla hujamalizia kumlipa.