Naomba ushauri: chama kikiweka akiba kwenye blokicheni, nani awe na neno la mwisho?

Hamjambo ndugu zangu. Tunaandika katiba ya chama cha akiba huku Mikindani, na daftari la michango litakaa kwenye blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Programu haitupi taabu. Kinachotukwamisha ni siasa iliyomo ndani yake.

Bitcoin, sarafu ya kidijitali inayotumia blokicheni, ilijengwa juu ya kutoziamini benki kuu: sarafu hazitazidi milioni 21, na bloku (kama ukurasa wa daftari) ya kwanza ya Januari 2009 imebeba kichwa cha habari cha gazeti la Uingereza kuhusu kuokoa mabenki. Bangla-Pesa, iliyoanza hapa hapa Mombasa mwaka 2013, ilishika njia nyingine kabisa: vocha za karatasi, wafanyabiashara wadogo wakidhaminiana wenyewe kwa wenyewe. Mimi naegemea huku, maana chama bila kuaminiana si chama.

Hela zetu zitafungwa kwa funguo 5 za kidijitali, kila ufunguo ukitoa saini moja, na saini 3 ndizo zitakazozitoa. Funguo 3 zikipotea, hela zimekwama moja kwa moja. Tukiweka ufunguo wa msimamizi wa kurekebisha kanuni, huyo ndiye benki kuu yetu. Ethereum, blokicheni nyingine, iligawanyika kwa jambo hili mwaka 2016: wengi walibadili daftari kurudisha ether (sarafu yake) takriban milioni 3.6 zilizochotwa kwenye The DAO, mfuko wa pamoja wa uwekezaji. Waliokataa wakabaki na daftari lisilobadilishwa, Ethereum Classic.

Je, mabadiliko yapite kwa kura ya theluthi mbili, kisha yasubiri siku 14 ili asiyekubali atoe akiba yake kwanza? Mwenye vifungu vilivyowahi kutumika, tafadhali aviweke hapa neno kwa neno.