Nyanya apaliwa kila akinywa maji, hii ya kunusa pilipili manga ni kweli?

mjukuu_wa_majengo
Asalam aleikum jamani. Nyanyangu ni mtu mzima, kapita 80, alipata kiharusi mwaka jana, mkono na mguu alhamdulillah vimerudi lakini koo bado. Maji akipiga funda tu apaliwa, chai vilevile, na akimaliza kula sauti huwa kama ina maji ndani. Uji mzito humeza vizuri. Sasa jirani atwambia tumpe supu yenye pilipili nyingi imwamshe koo, na mjomba naye kasoma kwa simu eti Wajapani huwanusisha wazee pilipili manga kabla ya kula. Mamangu asema huo ni uganga. Kuna anayejua?

bint_likoni
Waleikum salam. Mwambie mama si uganga, mimi kazi yangu ni tiba ya usemi na kumeza. Ili mtu ameze, mdomo na koo lazima vihisi kwanza kuna kitu, ndipo ubongo uamrishe njia ya hewa ifungwe. Uzee na kiharusi hupunguza ile hisia, maji yafika kooni na mlango uko wazi, ndio kupaliwa kwenyewe. Hiyo ya Japani ni utafiti wa 2006, wazee waliopatwa na kiharusi walinusishwa mafuta ya pilipili manga kwa muda wa dakika moja kabla ya kila mlo, mwezi mzima, na koo zao zikaanza kumeza haraka kuliko wale walionusishwa lavenda ama maji matupu. Ukali wa ndimu pia huamsha koo, na baridi pia. Kibaya ni kitu cha vuguvugu, joto sawa na mwili, koo huchelewa kukihisi.
Lakini hiyo supu ya pilipili MSIMPE!! Ni majimaji, ikikosa njia yaingia mapafuni na pilipili yake. Kunusa hakuna kinachomezwa.

baba_zuu
Poleni sana. Mzee wangu alikuwa akifanyiwa ya baridi, mtaalamu achovya kijiti cha chuma kwa barafu amguse pande mbili za kooni karibu na kimeo kisha amwambia ameze, na humeza papo hapo walahi. Ila haidumu, jioni ni kama hakufanyiwa. Naona kilichotusaidia zaidi ni kumkalisha wima, funda ndogondogo, tivii imezimwa, na mdomo kusafishwa kila baada ya kula hata kama meno hana.

bint_likoni
@baba_zuu hapo kwa mdomo umesema kweli na watu wengi hawapatilii maanani. Mate yenye uchafu yakiteremka mapafuni usiku ndio homa ya mapafu hiyo. Wazee wa makao ya Japani waliosafishwa mdomo kila baada ya chakula walipata nimonia kidogo kuliko wenzao, yalichapishwa 1999.

mamake_twins
Samahani naingilia, mbona mama mkwe maji humpalia lakini soda haimpalii?

bint_likoni
Ni zile povu, zachoma ulimi na koo likahisi mapema. Si kila mtu lakini, na kama ana sukari tafuteni maji ya gesi yasiyo na sukari, na apimwe kwanza.

mjukuu_wa_majengo
Shukran sana dada. Mama nimemsomea yote, sasa ataka kujua asage pilipili manga ya Marikiti amnusishe?

bint_likoni
La, asisage, vumbi lile litampiga chafya na kikohozi. Ni mafuta yake, tone kwa kitambaa, na kama ana pumu aulizwe daktari kwanza. Ile sauti ya maji mwaieleza hospitali wiki hii hii, kwa sababu wengine chakula chaingia mapafuni na hata hawakohoi. Akipata homa ama pumzi za haraka msingoje miadi.